NAMBA YA DUKA NI YA NANI? SOMA HII KABLA HUJALIPIA MFUMO WA KUHUDUMIA WATEJA

Najua wengi mnakuja hapa kusoma nani kaachana na nani na nani kavaa nini. Leo umbea upo, tena wa kutosha, ila ndani yake kuna biashara. Kama una kaduka kako, au unauza vitu kwenye simu ukiwa chumbani kwako, vuta kiti ukae.

Swali la leo ni dogo tu. Ukitaka kununua mfumo wa kuhudumia wateja, yaani ile programu ya kupokea maswali, oda na malalamiko yao, uchague upi? Jibu langu nalitoa mapema ili asije mtu akasema nimemzungusha: kabla hujachagua programu yoyote, jua kwanza namba ya simu ya duka lako ni ya nani. Sasa nikupe kisa.

KISA CHENYEWE

Kuna dada mmoja wa Kayanga, hapa kwetu Karagwe. Jina lake nalihifadhi, la duka nalo nalihifadhi, na nyie mnaomjua naomba mkaushe. Anauza viatu, mikoba, nguo za kike na vipodozi. Mzigo anaufuata Kariakoo mwenyewe au anatumiwa kwa basi.

Wateja wake hawapo Kayanga tu. Wapo Omurushaka, wapo Bugene, wapo Nyakahanga, na wengi zaidi wapo upande wa Kyerwa: Nkwenda, Isingiro, Mabira, Kaisho, mpaka Murongo kule mpakani na Uganda. Hao wa Kyerwa hawaji dukani. Wanaona picha kwenye stetasi, wanauliza bei, wanatuma hela kwa simu, mzigo unapandishwa kwenye Hiace au unabebwa na bodaboda. Kwa hiyo kwa dada yetu simu ndiyo duka. Ile fremu ya mjini ni stoo yenye kioo.

Simu hiyo alikuwa anaijibu binti wa dukani. Binti ana mdomo mtamu, anakumbuka saizi ya mguu ya kila mteja, anajua nani hataki mumewe ajue amenunua nini. Amefanya kazi hapo zaidi ya miaka mitano. Msimu mmoja wa kahawa, hela zimeanza kuzunguka mitaani, binti akaaga kwamba anakwenda kumwona mama yake mgonjwa. Wiki ya pili ikatoka stetasi: "Wateja wetu wapendwa, tumehamia Omurushaka. Karibuni sana." Namba ni ile ile, wateja ni wale wale, kilichobadilika ni picha ya profaili tu.

Dada akapiga ile namba. Ikapokelewa vizuri tu: "Karibu, nikusaidie nini?" Hakujibu. Akakata.

Akakimbia kwa watu wa laini ili aifufue kwenye kadi mpya. Akaambiwa weka kidole. Kidole kikakataa. Laini haikuwa yake.

ILIKUWAJE?

Wenye kumbukumbu mnajua. Mei 2019 nchi nzima tulianza kusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ulipangwa Desemba 31 mwaka ule, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Foleni za vitambulisho mnazikumbuka. Wakati huo dada hakuwa na namba ya NIDA. Binti alikuwa nayo. "Weka kidole chako basi, tuendelee na kazi." Kidole kikawekwa, kazi ikaendelea, na hakuna aliyekumbuka tena jambo hilo kwa miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mbele ya kampuni ya simu, ile namba iliyoandikwa kwenye kibao cha duka, kwenye mifuko na kwenye kila stetasi, ilikuwa mali ya binti. Na hela hakugusa. Malipo yalikuwa yanaingia kwenye Lipa Namba ya duka, na hesabu zilikutwa sawa. Alichoondoka nacho ni laini yenye jina lake mwenyewe.

Mji uligawanyika. Saluni moja wanasema binti mwizi. Saluni ya pili wanasema dada alibana sana, acha aone. Waitu, kwa siku kadhaa hapa mjini hata habari za wasanii zilipoa.

"MDOGO WANGU, KUNA KIJANA KANILETEA MFUMO"

Baada ya wiki kama mbili dada akanipigia. "Mdogo wangu, wewe si mtu wa mitandao? Kuna kijana katoka mjini huko, ananiambia kuna mfumo wa kisasa wa kuhudumia wateja. Anasema ningekuwa nao, huyu mtoto asingeondoka na wateja wangu. Njoo uuangalie, usije ukaniacha nikaliwa."

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Haya mambo ya mitandao nimejifunza mwenyewe, kwa bando la kuungaunga na simu yenye kioo kilichopasuka. Ila kusoma maelezo ya programu naweza, na kuijaribu naweza. Nikamwambia: "Sawa dada, nipe wiki mbili." Mifumo mingi ya aina hiyo inakupa siku kadhaa za kujaribu bure, nikaifungua mmoja mmoja.

Nikuelezee kwa lugha yetu jinsi inavyofanya kazi. Mteja akiandika popote, iwe barua pepe, Facebook, Instagram au kwenye tovuti, ujumbe wake unaingia sehemu moja na unapewa namba. Hiyo wanaiita tiketi. Tiketi ina mwenyewe, yaani mfanyakazi anayeishughulikia. Ina hali: mpya, inashughulikiwa, imefungwa. Bosi akiingia asubuhi anaona maswali mangapi yamelala bila jibu na nani amezembea. Mfanyakazi akiondoka, bosi anafunga akaunti yake, tiketi zinabaki. Kiukweli ni kitu kizuri, sikatai.

Na historia yake ina umbea wake. Zendesk, mojawapo ya mifumo maarufu, ilianzishwa Copenhagen, Denmark, mwaka 2007. Mwaka 2010 wakapandisha bei, wateja wao wakachachamaa. Kule Chennai, India, jamaa anaitwa Girish Mathrubootham, aliyekuwa anafanya kazi kampuni ya Zoho, akasoma yale malalamiko, akaona hapa kuna nafasi. Akaacha kazi, na mwaka huo huo akaanzisha Freshdesk. Kampuni yake, ambayo sasa inaitwa Freshworks, iliingia soko la hisa la Nasdaq kule Marekani Septemba 2021. Zoho nayo ina mfumo wake, Zoho Desk. Na Zendesk yenyewe iliuzwa mwaka 2022 kwa dola bilioni 10 na ushee.

Umeona hapo? Mfanyakazi kaondoka, kafungua duka lake, wateja wenye hasira kwa duka jingine wamempa wazo. Omurushaka na Chennai hazina tofauti kubwa sana.

HESABU YA VITI

Sasa bei. Mifumo hii wengi wanatoza kwa kiti, yaani kwa kila mfanyakazi anayejibu, kila mwezi, kwa dola. Tuchukue mfano rahisi wa dola 20 kwa kiti. Viti vitatu, yaani dada mwenyewe, binti mpya wa dukani na yule kijana wa kupeleka mizigo, ni dola 60. Tukihesabu dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 150,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh 1,800,000. Ongeza na ada ya yule kijana ya "kufunga mfumo", ambayo hata hakutaka kuiandika kwenye karatasi.

Kwa Kayanga hiyo ni hela ya kumlipa mtu. Na biashara ya kwetu ina misimu. Kahawa ikivunwa na kuuzwa, watu wananunua mpaka viatu vya harusi ambayo haijapangwa. Kahawa ikiisha, dada anakaa siku nzima anauza jozi mbili. Dola haijui msimu, kila mwezi inakuja na sura ile ile.

Ipo mifumo yenye sehemu ya bure kwa watu wachache, na ukiwa na bidii utaipata. Ila ya bure soma masharti yake kwa macho mawili: viti vingapi, inapokea ujumbe kutoka wapi, na ukitaka kuondoka unatoka na orodha ya wateja wako au unaiacha. Hilo la mwisho ndilo la kuuliza kabla ya yote. Anayekuuzia mfumo akianza kukwepa swali la "nikihama natoka na nini?", mshukuru, mpe soda, aende.

WATEJA WETU WANAONGEA WAPI?

Kabla ya kwenda mbali nikamwomba dada jambo moja. Kwa wiki moja, kila mteja anayeuliza kitu, andika amekuja kwa njia gani. Tukachukua kauntabuku, tukapiga mistari.

Wiki ikaisha tukakaa kuangalia. Barua pepe: hakuna hata moja. Tovuti hana, kwa hiyo hakuna. Instagram wachache sana, na hao wachache waliandika "nipe namba yako". Kilichobaki ni WhatsApp, simu za kupiga, meseji za kawaida na watu wanaofika na miguu yao. Kuna mama wa Mabira ana kitochi, hana WhatsApp wala hataki. Yeye anabipu, unampigia, anaagiza, anakata. Kuna mzee wa Isingiro anamnunulia mkewe, na oda yake anamtuma bodaboda aje kusema kwa mdomo.

Mfumo wa kununua kwa dola, wa Copenhagen ama Chennai, haumwoni mama wa kubipu. Hauwezi kumwekea tiketi bodaboda aliyesimama mlangoni na helmeti kichwani. Zipo kampuni zinazounganisha programu na meseji za kawaida, mfano Africa's Talking iliyoanzia Nairobi mwaka 2010, na kwa biashara yenye maelfu ya wateja wa kitochi inaleta maana. Kwa duka la fremu moja ni kununua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Halafu angalia ile kauntabuku. Tarehe, jina, namba, anataka nini, nani anamshughulikia, imeisha au bado. Nikamwambia dada: "Unajua hiki ndicho kile mfumo? Tiketi si ndiyo hii?" Akacheka, mara ya kwanza tangu yale mambo yatokee.

KWANZA LAINI, NDIO PROGRAMU

Hapa ndipo pa msingi, naomba usiruke.

Moja, laini. Chukua simu yako sasa hivi piga *106#. Utaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini ya duka ikiwa haipo hapo, ujue si yako, hata kama vocha unaweka wewe. Kama biashara yako ina usajili wake, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako uliza kuhusu kusajili laini kwa jina la biashara. Kama haina, sajili kwa kidole chako wewe mwenye duka. Si cha mdogo wako, si cha shemeji, si cha binti wa dukani.

Mbili, barua pepe. Simu nyingi tunazotumia zinahifadhi majina kwenye akaunti ya Google, na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp nayo inaweza kwenda huko huko. Akaunti ya nani? Kwa dada ilikuwa ya binti, ndiyo aliyofungulia simu siku ya kwanza. Maana yake hata kama simu ingebaki dukani, majina yote ya wateja yalikuwa tayari yapo kwenye akaunti ya mtu mwingine. Fungua akaunti ya duka, nywila ikae kwako.

Tatu, WhatsApp Business. Ilitoka Januari 2018, ni bure, na kama unatumia ile ya kawaida unaweza kuhamia bila kupoteza mazungumzo. Unaweka katalogi ya bidhaa zenye bei, ili mtu asiulize "hiki bei gani" mara mia. Unaweka majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia. Unaweka ujumbe wa kujijibu wenyewe usiku. Halafu kuna lebo, na hizo ndizo tiketi zako. Sisi tuliweka nne: ameuliza, amelipa, mzigo umetoka, ana malalamiko. Mteja haondolewi kwenye lebo mpaka jambo lake liishe.

Namba moja inaweza kufunguka kwenye simu kuu na vifaa vingine vinne. Kwa hiyo simu kuu anakaa nayo mwenye duka, binti anapewa simu ya dukani iliyounganishwa. Akiondoka, bosi anaingia kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, anakitoa. Imeisha. Usisahau kuifungua simu kuu mara kwa mara, maana ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika vile vingine vinajitoa. Na weka ile namba ya siri ya tarakimu sita, ya hatua ya pili. Ikae kichwani kwako, usiibandike nyuma ya simu.

Nne, mkimbie GB. Najua mnaipenda kwa sababu inaficha mambo yenu. Kwa stori za usiku shauri yako, ila kwa biashara hapana. Si programu rasmi, na WhatsApp wanaweza kuifungia akaunti, tena moja kwa moja. Hapo utamlalamikia nani?

SIKU INTANETI IKILALA

Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zililala pamoja kwa takribani saa sita, dunia nzima. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na majirani zetu kwa siku kadhaa. Siku kama hizo duka linalotegemea programu peke yake linakuwa kama limefungwa. Na kwetu mpakani kuna lile jingine, ukiwa Murongo simu inadaka mtandao wa Uganda yenyewe.

Ndiyo maana kauntabuku haijafukuzwa kazi. Kila jioni binti mpya anahamishia humo oda ambazo hazijaisha, pamoja na namba za simu. Mtandao ukilala, wanapiga kwa vocha ya kawaida. Na lile daftari halitoki dukani.

Hapo pia kuna sheria. Majina, namba, picha za ngozi ambazo wateja wa vipodozi wanatuma, hizo ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna tume inayoisimamia. Kwa hiyo ule mchezo wa kumwanika mteja kwenye stetasi, picha na namba, kwa sababu hajamalizia shilingi elfu kumi, uache. Na unapouliza mfumo wowote wa kununua, uliza pia nani mwingine anaona taarifa za wateja wako.

BINTI NAYE ANA LAKE

Sasa nifike kwenye lile ambalo lilininyima usingizi. Nilimtafuta binti. Nilikwenda Omurushaka, nikanunua ndala ili tusianze vibaya, tukaongea.

Hakukataa kitu. Aliniambia: "Kaka, mimi wateja sijawaiba. Saa sita usiku mama wa Kaisho anauliza kiatu cha mtoto, nani alikuwa anamjibu? Bando lilikuwa la nani? Ule mshahara haukupanda hata siku moja. Mwaka juzi niliomba nipewe hata kidogo kwa kila oda ya Kyerwa, nikaambiwa nishukuru nina kazi."

Nilimuuliza kuhusu mama mgonjwa. Akaangalia chini. Akasema mama ni mgonjwa kweli, ila siku ile hakuwa kwa mama.

Nilirudi Kayanga nikamwambia dada maneno yote, hata yale ya kumuuma. Alikaa kimya, halafu akasema: "La bando ni kweli. La mshahara ni kweli. Lakini si angesema anaondoka?" Na hapo mimi nikakosa la kujibu, maana naye ana haki. Kuhamisha duka la mtu kwa stetasi, mwenye duka akajua pamoja na wateja, si uungwana.

Ila hili ndilo ambalo yule kijana wa mfumo hakumwambia. Mfumo ungebakiza dukani kumbukumbu za wateja. Usingezuia mama wa Kaisho kumtafuta yule anayekumbuka saizi ya mtoto wake. Mteja anamfuata anayemjibu. Ukimlipa vibaya anayejibu, unaweza kununua programu ya dunia nzima na bado ukabaki na orodha ya majina ya watu ambao hawanunui kwako.

TULICHOCHAGUA

Yule kijana aliambiwa asante. Dada amechukua laini mpya kwa kidole chake mwenyewe, na akaanza upya: kibao kikabadilishwa namba, mifuko ikapigwa muhuri mpya, tangazo likabandikwa dukani. WhatsApp Business kwenye simu kuu anayo yeye, simu ya dukani imeunganishwa, lebo nne, kauntabuku moja. Mchana mteja asipite saa moja bila kujibiwa. Usiku ule ujumbe wa kujijibu unamwambia duka linafungua saa ngapi, binti alale. Jumamosi jioni wanakaa dakika chache na lile daftari, wanaangalia nani hajajibiwa na kwa nini.

Binti mpya anapewa bando na duka, na anapata kitu kidogo kwa kila oda ya mbali. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Dada alilipinga mara mbili, mara ya tatu akakubali.

Lini sasa ununue mfumo wenyewe? Kwa maoni yangu, wakiwa wanaojibu ni watatu na kuendelea, ujumbe unatoka sehemu nyingi tofauti, na daftari limeanza kushindwa, yaani wateja wawili wanajibiwa tofauti kwa swali moja. Hapo jaribu ya bure kwanza, piga hesabu ya viti kwa mwezi mbaya wa biashara wala siyo mwezi wa kahawa, halafu uliza lile swali la kutoka. Kabla ya hapo hela hiyo weka kwenye mzigo na kwa anayejibu simu.

Wateja wamerudi? Wapo waliorudi, hasa wa Bugene na Nyakahanga. Wa Kyerwa wengi wamebaki na binti. Mama wa Mabira ananunua kote kote, anabipu huku na kule, anachukua penye bei nzuri. Dada na binti hawajaongea mpaka leo, ingawa nasikia kwenye msiba mmoja majuzi walikaa mkeka mmoja.

Haya wadau, tiririkeni hapo chini. Binti alikosea au alistahili? Na wewe mwenye duka, ukipiga *106# sasa hivi, laini unayouzia ipo kwenye orodha yako? Ijibu hiyo ya pili kwanza.